Ukisoma kuhusu jeni za ubongo, anza na ramani

Wanafunzi wanaonijia kuulizia nyuroni zizuiazo, yaani seli za neva zinazotoa kemikali iitwayo GABA na kutuliza nyuroni nyingine, mara nyingi huwa wamekwisha kukariri orodha ya jeni ambazo protini zake huwasha au kuzima jeni nyingine: Dlx1, Dlx2, Nkx2-1, Lhx6, Arx. Huwaambia waiweke kando, wachukue karatasi na kuchora ubongo wa kijusi.

Nyuroni zizuiazo za gome la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kwa sehemu kubwa hazizaliwi gomeni. Huzaliwa chini, kwenye vivimbe vinavyoonekana wakati wa ukuaji tu, kisha hutambaa safari ndefu kwenda juu. Bila picha hiyo kichwani, utafiti wa mwaka 1997 hauna ladha: panya waliokosa Dlx1 na Dlx2 kwa pamoja walikuwa na upungufu mkubwa wa nyuroni za GABA gomeni, kwa kuwa seli zilikwama huko chini.

Kila jeni, basi, iulizie mahali na wakati. Mfano ninaoupenda ni Nkx2-1. Hiyo hiyo hufanya kazi kwenye mapafu na kwenye tezi ya thairoidi. Katika kivimbe cha kati cha ubongo husababisha Lhx6 iwake. Halafu, na hapa ndipo wengi hushangaa, nyuroni ya panya inayokwenda gomeni sharti iizime Nkx2-1. Zinazoendelea kuwa nayo huishia kwenye striatamu, sehemu ya ubongo iliyo ndani zaidi. Kuzima nako ni kazi. Arx, ambayo hitilafu zake huweza kuleta degedege kali kwa watoto wachanga, kazi yake kubwa ni kuzima jeni nyingine.

Usiishie kwenye jeni zenyewe. Soma pia kuhusu enhansa, vipande vya DNA visivyotengeneza protini bali vinavyoamua jeni iwake wapi. Iko moja kati ya Dlx5 na Dlx6 ambayo watafiti huipachika ndani ya virusi vya kubebea jeni ili jeni waliyoichagua iwake karibu ndani ya nyuroni zizuiazo tu.

Na ukiona mchoro wa protini iliyoshikamana na DNA, usikimbilie kuandika kwamba inaitawala jeni ya jirani. Kushikamana si kutawala. Tafuta kwanza jaribio ambamo kipande hicho cha DNA kilikatwa, uangalie kama utendaji wa jeni ulibadilika, na katika seli za umri gani.