Chaneli za potasiamu kwenye mitokondria: je, si kuvujisha umeme?

SWALI: Nasoma biolojia chuoni. Tumefundishwa kuwa utando wa ndani wa mitokondria, vile viungo vya seli vinavyozalisha nishati, lazima uzibe barabara, ili protoni (ioni za hidrojeni) zilizosukumwa nje zirudi kwa njia moja tu, ile ya kimeng'enya kinachounda ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Sasa nakuta utando huohuo una chaneli za potasiamu, yaani matundu ya protini yanayopitisha potasiamu. Si huku ni kuvujisha umeme? Na mbona mojawapo hufungwa na ATP yenyewe?

JIBU: Naam, zinavujisha. Ulichofundishwa si kosa, ila kimeishia njiani.

Tupige hesabu kwanza. Kati ya pande mbili za utando wa ndani kuna takriban milivolti 180, ndani kukiwa hasi. Potasiamu ina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa ndani. Kwa ioni ya chaji moja, kila milivolti 60 hubeba tofauti ya mkolezo ya mara 10. Milivolti 180 ni mara 1,000. Saitoplazimu, yaani umajimaji wa seli ulio nje ya mitokondria, ina potasiamu ya milimola 140 hivi kwa lita. Zidisha kwa 1,000 upate mola 140 kwa lita! Hakuna maji yanayoweza kubeba hayo, na mitokondria ingepasuka mapema mno.

Jambo hili huonekana hata kwa macho maabarani. Mitokondria zilizotengwa kutoka kwenye ini la panya, zikiwa na chakula cha kupumulia ndani ya mmumunyo wa potasiamu asetati, huufanya uwe na ukungu mzito. Dondoshea valinomaisini, dawa inayopitisha potasiamu kwenye utando bila kizuizi, nao ukungu unaanza kutoweka: mitokondria zimevimba, hazitawanyi tena mwanga kama awali.

Kinachoziokoa ndani ya seli ni kwamba chaneli zenyewe hupitisha kidogo tu, na pembeni yake kuna kibadilishanaji kinachotoa potasiamu moja na kuingiza protoni moja. Mwanabiokemia Peter Mitchell alishahoji mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba lazima kitu kama hicho kiwepo. Gharama iko hapo: kila potasiamu inayoingia na kutolewa imekula protoni moja ambayo ingeunda ATP.

Gharama hiyo inanunua nini? Kwa maoni yangu, ujazo unaofaa wa mitokondria kabla ya kingine chochote. Potasiamu ikiingia pamoja na anioni (ioni zenye chaji hasi), maji hufuata. Ikitolewa, matriksi, yaani nafasi iliyozungukwa na utando wa ndani, husinyaa. Kinachoingia kikilingana na kinachotoka, matriksi na mikunjo ya utando hubaki na umbo linalofaa kwa kazi.

Sasa ile inayofungwa na ATP. Mkondo wake ulipimwa mara ya kwanza mwaka 1991, kwenye mitokondria za ini la panya. Kwa miaka mingi baadaye protini yake haikujulikana, na ushahidi ukaegemea dawa, hasa diazoksaidi inayoifungua. Binafsi nilikuwa nasitasita, kwa kuwa diazoksaidi huingilia pia kimeng'enya kinachooksidisha saksineti. Utajuaje ni kipi kimeleta matokeo? Mwaka 2019 watafiti wa Padova, Italia, walitambua protini mbili zinazoiunda: MITOK, ambayo ndiyo tundu, na MITOSUR, inayohisi ATP.

Walipoifuta chaneli hiyo, volti ya utando ilianza kuyumba, nafasi ndani ya mikunjo ikapanuka, na uundaji wa ATP kwa oksijeni ukapungua. Kama tundu lingekuwa hasara tupu, kuliziba kungeongeza ATP. Kwa panya wasio nayo, diazoksaidi haikuweza tena kuukinga moyo dhidi ya madhara ya kukosa damu.

Kwa hiyo kufungwa na ATP kuna mantiki: akiba ikiwa nyingi mlango hufungwa, ikipungua, kama moyo unapokosa damu, mlango hulegea.

Usiichanganye tu na chaneli ya jina linalofanana iliyo kwenye utando wa nje wa seli za kongosho, ile inayoamua insulini itolewe lini. Glibenklamaidi, dawa ya kisukari, huziba zote mbili, lakini protini zake ni tofauti.