Seva inapigaje hesabu ya kitu isichokiona?

SWALI: Mhariri, siku zote mnatuambia data ikishafungwa kwa enkripsheni haisomeki bila ufunguo, sawa, sasa juzi nasikia kuna enkripsheni ya homomofiki eti seva inapiga hesabu bila kuifungua. Unajumlishaje kitu hukioni? Au ni maneno ya biashara tu?

JIBU: Wala si maneno ya biashara ndugu yangu, shika karatasi na kalamu. Ufunguo wako wa siri ni 997. Unataka kuficha 3, basi zidisha 997 kwa namba yoyote, tuseme 5, ongeza namba ya kuzugia inayoishia na sifuri, tuseme 20, malizia na 3 yako, inakuwa 5008. Na 2 uifiche hivyohivyo, 997 mara 8, ongeza 10, ongeza 2, unapata 7988. Mimi ndo seva, ufunguo sina, najumlisha hizo mbili nakurudishia 12996. Wewe gawa kwa 997, kinachobaki ni 35, angalia tarakimu ya mwisho: 5! Nikizidisha inatoka 40003904, baki lake 276, mwishoni 6. Kazi nimefanya na sijajua ulificha nini. (Za kweli ni namba kubwa mno, hizi mtu anazivunja akiwa anakunywa maji.)

Hizo 20 na 10 za kuzugia ndo zinamvuruga mdukuzi asiukisie ufunguo, shida yake zinavimba. Baki lilikuwa 23 na 12, kuzidisha mara moja tu likafika 276, zidisha tena kwa 5008 linapita 997 na jibu linakuwa takataka. Wanasayansi wa kompyuta Rivest, Adleman na Dertouzos walitoa wazo hili 1978, ila hesabu ndefu za kujumlisha na kuzidisha zikawa hazishikiki mpaka 2009 mwenzao Craig Gentry alipoonyesha namna ya kupunguza huo uvimbe katikati ya hesabu, data ikiwa bado imefungwa.

Leo kivinjari cha Microsoft Edge kinaitumia kukagua kama nywila yako imevuja bila seva kuiona, na hospitali kadhaa zinaweza kujumlisha takwimu za wagonjwa bila kuoneshana mafaili. Lakini ni nzito jamani, data inavimba na hesabu inachelewa mno kuliko ya kawaida, kwa hiyo usitegemee kila kitu kiendeshwe hivi. Halafu inaficha tu, haikuhakikishii kwamba seva imepiga hesabu uliyoiomba, uliomba 3 na 2 zijumlishwe, ningeamua kukurudishia 5008 jumlisha 5008 ungefungua ukakuta 6 badala ya 5 ukaniambia asante.