Jibu kwa mleta uzi: binti anakosea sehemu kwenye mstari wa namba

Mleta uzi, hongera kwa kukaa na binti yako kwenye hesabu. Wazazi wengi tunaliona daftari siku ya ripoti tu. Nirudie swali lako ili wanaopita waelewe: yuko darasa la nne hapo Iringa mjini, kapewa mstari wa namba kutoka 0 hadi 1 uliogawanywa nafasi tano sawa, na herufi A iko kwenye kistari cha tatu baada ya sifuri. Yeye kaandika 4/6, mwalimu kasahihisha 3/5, na wewe unauliza kama apelekwe tuisheni.

Mimi si mwalimu, ni fundi seremala hapa Mafinga. Ila vijana wanaokuja kujifunza karakanani nawaanzisha kwenye futikamba kabla hawajagusa msumeno, na hilo kosa nalifahamu vizuri. Binti yako hakubahatisha. Kahesabu vistari vyote, na cha sifuri kikiwemo, akapata sita. A akaikuta kwenye kistari cha nne. Ndiyo 4/6 yake. Wengine huacha vistari vya mwanzo na mwisho, wanahesabu vya kati tu, na hao utawakuta wameandika 3/4. Jibu lenyewe linakuonyesha mtoto alihesabu nini, kwa hiyo kabla ya kumwambia amekosa, muulize amehesabuje.

Kinachohesabiwa ni nafasi kati ya kistari na kistari. Pale kwenye 0 bado hajaondoka. Aweke ncha ya penseli kwenye 0, aruke hadi kistari kinachofuata huku akichora upinde juu ya mstari. Mipinde yote kutoka 0 hadi 1 ndiyo asili, namba ya chini. Mipinde kutoka 0 hadi kwenye A ndiyo kiasi, namba ya juu. Tano chini, tatu juu. Asiache kuchora mipinde mpaka umwone anaihesabu kwa macho tu.

Akishazoea hapo, mchoree mstari wa 0 hadi 2 wenye nafasi nane, B iwe mwisho wa nafasi ya tano. Wengi watasema 5/8. Jibu ni 5/4, yaani 1 na 1/4, kwa sababu asili inatokana na nafasi zilizopo kati ya 0 na 1, nazo ni nne. Urefu wa mstari mzima hauhusiki. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote liwe: 1 iko wapi? Hata mstari ukianzia 3 kwenda 4, ukagawanywa nafasi tatu sawa, alama ya pili baada ya 3 ni 3 na 2/3, wala si 2/3 peke yake.

Hapa niseme kidogo kuhusu ile miduara ya kutia kivuli. Siichukii, ila mtoto aliyefundishwa kwa miduara tu anaamini sehemu ni kipande cha kitu, hajui kwamba ni namba yenye mahali pake kama 3 au 7. Mwambie atie kivuli 5/4 uone atakavyokutazama.

Kama nyumbani kuna futikamba, ivute upande wa inchi (huku kwetu mbao za Sao Hill tunauziana kwa inchi na futi, hata kama shule inafundisha sentimita). Nyingi zimegawa inchi moja nafasi 16, na vistari havilingani urefu. Kirefu cha katikati ni nusu, vinavyofuata kwa urefu ni robo na robo tatu, halafu vya moja ya nane, na vifupi kabisa ni vya moja ya 16. Kijana mgeni akipima ubao husema, "Fundi, ni inchi moja na sita." Namuuliza, sita ya ngapi? Akihesabu nafasi ndogo, ni 6/16. Akihesabu zile za moja ya nane, ni 3/8. Kidole chake hakijasogea hata kidogo. Hapo sehemu zilizo sawa anaziona kwa macho, bila kukariri kuzidisha juu na chini.

Kwenye daftari, chora mstari wa sentimita 12. Kumi na mbili inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6, kwa hiyo 1/2 inaangukia sentimita 6, 1/3 sentimita 4, 1/4 sentimita 3. Atajionea kwamba 1/4 iko karibu na sifuri kuliko 1/3, ingawa 4 ni kubwa kuliko 3. Kwa sehemu za tano tumia sentimita 10.

Tuisheni subiri kwanza. Jioni mpe mtego huu: mstari wa 0 hadi 1 wenye vistari viwili tu katikati, kimoja kwenye nusu, kingine kwenye robo tatu, umuulize cha kwanza ni sehemu gani. Akijibu 1/3, ujue kahesabu nafasi tatu bila kuangalia kama zinalingana. Mwambie aongeze kistari kinachokosekana, halafu tuwekee hapa picha ya alichochora.