Kikorea, na kitenzi kimoja tu: kula

Swali linalorudi kila mara kutoka nyumbani ni hili: mlioko Korea, Kikorea kinashikika, au mnajiponea kwa Kiingereza? Jibu la kweli: herufi zao, hangul, mtu anazimaliza kwa wiki moja au mbili. Kinachotoa jasho ni vitenzi. Chukua kimoja tu, 먹다, yaani kula.

Mdomo kwanza. Kwa herufi za Kirumi huandikwa meokda, nasi tunasoma "me-ok-da", na hapo hakuna anayekuelewa. Sema "mokta", kwa o yetu ya kawaida huku midomo imelegea. Ukiiviringa midomo umeshasema 목, na hilo ni koo. Ikifuatwa na irabu, k inalainika: 먹어요 ni "mogoyo". Ikifuatwa na n inageuka ng' ya ng'ombe: 먹는 ni "mong'nun".

Kuunda si kazi. Ng'oa 다, libaki shina 먹. Irabu ya shina si ㅏ (a) wala ㅗ (ile o ya kuviringa midomo), kwa hiyo unabandika 어요: 먹어요, nakula. Wakati uliopita ni 먹었어요, ujao 먹을 거예요. Kitenzi hukaa mwisho: 밥을 먹어요, "wali nakula". Ni-, u-, a- hamna kabisa. 먹었어요 hiyo hiyo ni nimekula, umekula na wamekula. Mazungumzo yenyewe ndiyo yanayoonyesha nani.

Kitenzi hakitaji nafsi, lakini kinabeba heshima, na hapa ndipo watu huharibu. Rafiki wa rika lako unamuuliza 먹었어? Bosi au mtu mzima humuulizi hivyo, hata ukiongeza 요 ya adabu mwishoni. Kwake neno lenyewe linabadilika: 식사하셨어요? Ukimkaribisha mezani unasema 드세요. Mababu na mabibi wana lao, 잡수세요. Aliyelelewa na shikamoo analielewa hili upesi, ila kosa letu huja upande wa pili: tukishazoea maneno ya heshima tunajipa wenyewe, 저는 드셨어요, yaani "mimi nimekula" kwa kitenzi cha kumheshimu mwingine. Ni kama kujiamkia shikamoo. Wewe ni 먹었어요 siku zote.

Na 밥 먹었어요? mara nyingi ni salamu tu, kama habari za mchana. Jibu 네, 먹었어요, ndiyo, nimekula, kisha rudisha swali. Ukisema hujala, mwenzako anaweza kujiona analazimika kukulisha.

Kwenye dawa ndiko Kiswahili kinakoponza. Sisi tunakunywa dawa, basi mgeni anakwenda kwenye 마시다, kunywa. Wakorea wanakula dawa, 약을 먹다, iwe kidonge au ya maji. Famasia watakupa mkanda wa vipakiti vidogo vilivyoungana, kila kimoja dozi ya mara moja, na maneno 식후 30분: dakika 30 baada ya chakula. Mfamasia ataongeza 하루 세 번 드세요, mara tatu kwa siku. Hiyo 드세요 ni kula yule yule, amevaa kanzu ya heshima. Asiyemtambua hubaki akisubiri kuambiwa ameze vipi.

Kwingine tunakutana. Wao hula umri, 나이를 먹다, sisi tunakula chumvi nyingi. Hula matusi, 욕을 먹다, yaani kutukanwa au kulaumiwa. Hula woga, 겁을 먹다. Kiangazi hula joto, 더위를 먹다, na huo ni ugonjwa hasa. Hata rushwa kwao huliwa, 뇌물을 먹다. Hilo halihitaji mwalimu.

Mwisho, kukataa chakula. 안 먹어요 ni sili, kwa hiari yangu. 못 먹어요, inayotamkwa "mon mogoyo", ni siwezi kula. Kwa asiyekula nguruwe, 돼지고기 못 먹어요 inafaa zaidi mezani na wenzako wa kazi: 안 husikika kama unachagua, na mwenyeji ataendelea kukubembeleza uonje kidogo. Iseme kabla nyama haijawekwa kwenye jiko la katikati ya meza, maana wote mnachukua hapo hapo. Ukishiba, sema 배불러요, na unapoondoka, 잘 먹었습니다, nimekula vizuri.