Nipime nikiwa nimekaa

Swali lenu la wiki hii, eti koseti, ile nguo ya kubana kiuno yenye vijiti ndani na kamba za kufunga mgongoni, inavalika kwa raha kutwa nzima, nimelisoma nikiwa kwenye hiace ya kutoka Moshi kuja Arusha nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Jibu fupi ni hapana. Ila mi nataka kusema lingine kidogo, hizi koseti zinapimwaje, maana ukienda kwa fundi unasimama wima kama mlingoti, tumbo umelivuta ndani kwa aibu, anakuzungushia futikamba, anaandika namba kwenye kidaftari, basi. Sasa kwenye sendofu nani anasimama? Tunakaa! Tunakaa mpaka kiti kinatuchoka.

Sendofu ya mdogo wangu ilikuwa Moshi, Desemba, na Moshi ya Desemba mnaijua wenyewe, Wachaga wote wamerudi nyumbani, mji umejaa, joto, na ukumbi wetu una feni mbili moja imekufa. Mi ndo metroni. Gauni la koseti, zambarau, fundi kalimaliza asubuhi ya siku yenyewe kwa hiyo fitingi hamna. Kamba akanifunga shangazi, mama wa Kibosho ambaye kafunga matumbo ya wazazi wa ukoo mzima kwa kanga, kwake kufunga ni kufunga. Kaniwekea goti mgongoni. "Vuta pumzi mwanangu." Nikavuta. "Tena." Nikamwambia shangazi imeisha hiyo, akasema bado vidole vinne. Kingo zikakutana nyuma kabisa hamna hata upenyo, akafurahi.

Nikiwa nimesimama nilipendeza, siwezi kusema uongo, picha zipo. Kasheshe lilianza tulipokaa. Koseti ilikuwa ndefu, ukikaa ile ncha ya mbele inakita mapajani inasukuma kila kitu juu, matiti karibu yaguse kidevu, pumzi inaishia hapa kooni. Supu sikunywa. Ndafu ikaingia na majani yake mdomoni, vigelegele, mdogo wangu akanikatia kinyama akanilisha, nikatafuna wee, kikakataa kushuka, yaani nilikuwa natabasamu kwa kamera kile kinyama kiko shavuni kama gololi. Nikajaribu soda. Kosa kubwa, gesi itokee wapi sasa?

Mara nikasikia kitu kinanichoma chini ya kwapa la kushoto. Kumbe kijiti kimetoboa bitana. Fundi aliweka vile vijiti vya plastiki laini, vimepata joto la mwili na la ukumbi vikapinda na kubaki vimepinda, kimoja kikajitafutia njia. Kila MC akisema makofi kwa metroni nainua mkono kupunga, kinachoma. Walipoitwa kina mama kuleta zawadi wakaingia wanacheza na vitenge vyao nikaona taa zinaanza kuwa na duara. Nikamshika shangazi mkono, tukatoka kama tunaenda chooni, tukaingia stoo ya makreti, akanigeuzia ukutani, "Yesu na Maria, mbona umekuwa hivi?" Fundo halifunguki, kalifunga lile la kufungia mbuzi! Ikabidi aombe kisu kwa kijana wa vinywaji akakata kamba. Ile pumzi ya kwanza ilinuka bia iliyomwagika, na sijawahi kuvuta hewa tamu vile. Nikarudi ukumbini nimejizungushia kitenge kiunoni kuficha mgongo, watu wakadhani ndo staili, mmoja akaniuliza nimeshonesha wapi.

Baada ya hapo nilikuwa nasema koseti ni ujinga wa Wazungu. Ila nikiandika hivi naona naionea, maana mwaka jana hapa Arusha nilimpata fundi mmoja dada mkimya, kabla hajashika futikamba kanivutia stuli. Kaa. Akapima kuanzia chini ya ziwa mpaka pajani nikiwa nimekaa. Hilo tu, na hakuna fundi aliyewahi kunifanyia. Pembeni akaweka vyuma vya kujisokota kama springi, vinapinda huku na huku, nyuma kando ya matundu ya kamba akaweka vya bapa. Akaniambia huko Ulaya zamani walitumia mfupa wa nyangumi, na wala si mfupa, ni vile vibapa vya mdomoni anavyochujia chakula, vikipata joto vinalainika vinafuata umbo la mwenye nguo. Plastiki ya kwetu inafuata umbo la kiti. Na karne ya 19 matundu ya kamba yalipoanza kuwekewa pete za chuma ndo watu wakaweza kuvuta kwa nguvu bila kuogopa kitambaa kuchanika. Shangazi angezaliwa enzi hizo angepata ajira.

Ile ya Arusha nimeivaa mara tatu, nimekula, nimecheza. Ndani singlendi ya pamba. Nyuma naacha upenyo wa vidole viwili vitatu, unyooke sawa juu mpaka chini, ukiona umekuwa kama V ujue kipimo si chako. Wiki moja kabla naivaa nyumbani saa moja au mawili kamba zimelegea huku naosha vyombo. Viatu vya mikanda vaa kwanza, ukishafungwa huinami tena, hilo nilijifunza kwa machungu. Na msichanganye na ile mikanda ya mpira ya kupunguza tumbo, ile ni jasho tu, mafuta hayaendi popote. Mwenye kiungulia, mjamzito au aliyeshonwa juzi juzi hapo sisemi kitu, aongee na daktari.

Kwa hiyo hapana yangu ya kule juu ibaki, kutwa nzima hapana. Masaa manne, nimepimwa nimekaa, feni zote mbili zinafanya kazi, labda. Desemba hii kuna sendofu ya binti wa kaka yangu, Moshi tena, na kitambaa nimeshapeleka kwa yule dada. Shangazi ameshapiga simu anauliza nani atanifunga. Sijamjibu bado.