Re: Nyuki wa Kerala wanapata wapi chavua?

Ndugu, umeuliza nyuki wa asili wa kule Kerala, India, Apis cerana, wanapataje chavua wakati wamezungukwa na miti ya mpira. Mpira huwapa mbochi tu (maji matamu ya kutengenezea asali), tena unaotoka kwenye majani machanga, si kwenye maua. Chavua wanaifuata kwenye minazi. Mnazi hutoa maua mwaka mzima, na kwenye kila kole (shada la maua ya mnazi) maua dume hutangulia kufunguka kwa wiki kadhaa. Chini wana kifauongo, kile kijani kinachojikunja ukikigusa.

Wanatoka mapema, asubuhi kungali na ubaridi, kabla ya nyuki wa Ulaya. Ila hawaendi mbali, kwa hiyo usifyeke magugu yote karibu na mzinga. Kaa mlangoni uangalie miguu ya nyuma: vidonge vya manjano vya chavua vikikosekana siku nyingi, majana (watoto wa nyuki) yana njaa.