Gari-nyumba, Maji ya Udhu na Nyanda za Nebraska

SWALI: Mhariri, Assalaam alaykum. Kijana wetu anayeishi Omaha, Marekani, ametualika mimi na mamake tusafiri naye kwa gari lenye vitanda, jiko na choo, kupitia nyanda na miji midogo ya Nebraska hadi hifadhi ya Badlands, Dakota Kusini. Jamaa wanatwambia kwamba huko hakuna cha kutazama ila nyasi, na mwenzangu ana wasiwasi juu ya maji ya stinja na udhu. Twende, au tumwombe atupeleke miji mikubwa?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wetu. Nendeni, ila msikubali kupitishwa barabara kuu ya 80 mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa hiyo ni njia ya malori na ya watu wenye haraka, na wengi wanaosema Nebraska ni nyasi tupu hawajapita kwingine. Mwambieni kijana aiache barabara hiyo kuu pale Grand Island na kushika barabara ya 2 kuelekea mji wa Alliance. Njia hiyo hupita katikati ya Sandhills, vilima vya mchanga vilivyofunikwa na nyasi juu ya eneo la takriban kilomita za mraba 50,000. Ninyi mtavielewa vilima hivyo kuliko wageni wengi, kwa sababu vinafanya kazi ileile ya vilima vya Shela: hunywa mvua na kuituma chini, na huko maji yake huingia katika Ogallala, hazina kubwa ya maji ya chini ya ardhi, ambayo wakulima wa majimbo kadhaa huitegemea kwa umwagiliaji.

Miji ya njiani, kama Broken Bow, Thedford na Mullen, imefuata reli, na mingi kati ya miji midogo ya nyanda hizo ina bustani ya mji ambamo msafiri huruhusiwa kulaza gari kwa ada ndogo, mara nyingine pamoja na umeme na bomba la maji. Mimi ningelala humo badala ya kwenye viegesho vikubwa vya kando ya barabara kuu, kwani ndimo mtakamokutana na wenyeji. Fikeni kabla ya magharibi, na mjaze mafuta kila mnapopata kituo, maana vituo vimeachana sana.

Sasa wasiwasi wa mama, ambao ni wa haki kabisa. Gari la ukubwa wa kati hubeba takriban lita 150 za maji safi, na lina matangi mengine mawili: moja hupokea maji ya sinki na bafu, jingine hupokea ya choo. Maji ya udhu yataingia katika lile la kwanza. Stinja haitaharibu kitu; bali tangi la choo linahitaji maji mengi ili uchafu usigandamane chini, na pale wanapotumia karatasi peke yake ndipo huziba. Tangi hilo litajaa mapema zaidi, basi. Valvu yake ifungwe wakati wote, ifunguliwe tu kwenye kituo maalumu cha kumwagia, na choo kitangulie kumwagwa ili maji ya sinki yafuate na kuusafisha mpira wa kumwagia. Kumwaga ardhini ni kosa la kisheria, na kwa nchi ambayo maji yake yako chini ya mchanga ni dhuluma pia.

Kibla kitawashangaza. Lamu tunaelekea karibu kaskazini moja kwa moja, ilhali Nebraska huelekewa kaskazini mashariki. Tena, kati ya Thedford na Mullen saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, hivyo ratiba ya sala ya Omaha isitumike huko. Nyama ya halali nunueni Omaha na kuigandisha, kwa kuwa katika miji midogo ni nadra kuipata.

Kuhusu majira, epukeni Mei na Juni, miezi ya mvua ya mawe na vimbunga vikali. Gari-nyumba si kimbilio wakati wa kimbunga: likitolewa onyo, shukeni mkaingie katika jengo imara. Septemba joto limepungua na hatari hiyo ni ndogo. Kijana akikodi gari, aulize mapema kama mpira wa maji safi na ule wa maji machafu vimo katika bei, na asikubali kamwe mpira mmoja kutumika kwa kazi zote mbili.